Ndala ya Bluu: Kisa cha Mbwa wa Rau Aliyejifunza Kuuma Mchezoni

Simu iliingia saa mbili usiku, Jumapili, mvua ya masika ikiwa ndiyo kwanza imekatika. "Dokta, huyu mbwa ameuma mtoto wa watu. Njoo umchome sindano alale moja kwa moja."

Aliyepiga ni mwalimu mstaafu wa huku Rau, Moshi, mama mtu mzima ambaye nimewahudumia ng'ombe wake wawili kwa miaka mingi. (Mimi si daktari, ni afisa mifugo. Lakini mtaani ukishaonekana na bomba la sindano mkononi, tayari ni dokta, na nimechoka kubisha.) Nilimuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: jeraha limeoshwa? Halikuwa limeoshwa. Walikuwa wamepaka spiriti wakafunga na kitambaa. Nikamwambia afungue, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 za saa siyo za kukisia, halafu mtoto apelekwe hospitali usiku uleule akaanze chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kwa kweli hakuna cha kufanya tena.

"Na mbwa?"

"Mbwa mfunge, mwalimu. Usimuue."

Hakufurahi. Lakini sababu ni rahisi. Mbwa ambaye mate yake yana virusi huugua na kufa ndani ya siku chache, ndiyo maana mbwa aliyeuma huangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo mzima, anakula na anakunywa, siku aliyouma hakuwa na cha kuambukiza. Ukimmaliza leo kwa hasira umejinyima jibu. Kadi yake ya chanjo ilikuwa na muhuri mmoja tu, wa alipokuwa na miezi mitatu. Tangu hapo hakuchanjwa tena.

Siku hizo kumi ndizo zilizonipa muda wa kuuliza maswali. Nakiandika kisa hiki kwa sababu nimeshakutana na kile kile, kwa sura tofauti, katika nyumba nyingi za Moshi, na kila nyumba huniambia neno moja: mbwa amebadilika.

Mbwa mwenyewe anaitwa Bosko. Dume, miezi 13, rangi ya kahawia, kienyeji mwenye masikio yanayodokeza kwamba kuna shepadi aliyepita mahali fulani kwenye ukoo. Aliletwa kutoka upande wa Kibosho akiwa na wiki tano, ndani ya kiroba, kwenye pikipiki. Aliyemleta ni mtoto wa dada yake mwalimu, kijana wa bodaboda anayeishi chumba cha uani. Mwalimu ndiye anayemlisha: ugali wa dona na dagaa asubuhi, makombo jioni. Kijana ndiye anayecheza naye. Mgawanyo huo uwekeni akilini.

Siku ya tukio, binti wa jirani, umri wa miaka tisa, alikuja na kidumu kuchukua maziwa kama afanyavyo kila jioni. Kwa kuwa kulikuwa na manyunyu, alikuwa amejitanda khanga ya mama yake na ncha zake zikawa zinapepea magotini. Bosko alikuja mbio, akadaka ncha ya khanga, akavuta. Binti akapiga kelele, akavuta upande wake. Kisha akakimbia. Mbwa akafuata. Binti akageuka kumpiga na kidumu, na hapo ndipo meno yalipoingia kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko. Matundu mawili, moja la juujuu na moja la ndani. Mbwa aliachia mwenyewe, akarudi kwenye khanga iliyodondoka, akaichukua na kukimbilia nayo kwenye banda la kuni.

Mtu mwenye haraka angeishia kwenye jeraha. Mimi nilikwama kwenye ile khanga. Mbwa aliyekusudia kumdhuru mtoto hamwachi na kwenda kushughulika na kitambaa.

Maelezo ya pale nyumbani yalikuwa matatu. La kwanza, damu ya baba: baba yake Bosko alikuwa akilinda yadi ya mbao na alijulikana kwa kuuma. La pili lilitoka kwa majirani, kwamba kijana anampa bangi na pilipili ili awe mkali. La tatu, mbwa ameonja nyama mbichi siku ya kuchinja. Hili la tatu silijibu tena, nimelijibu miaka yote. La bangi sikuona dalili yake yoyote, na kijana aliapa kwa jina la marehemu mama yake. La damu si la kupuuza, kwa sababu tabia ya mbwa kweli hurithiwa kwa sehemu. Ila dada yake Bosko, wa uzao uleule, analelewa nyumba ya tatu kutoka hapo kwa fundi cherehani, na watoto wanamvuta masikio kutwa nzima. Ndugu mmoja hathibitishi kitu, najua, lakini alitosha kunifanya nitafute kwingine.

Tena, Bosko huyohuyo kwa mwalimu alikuwa kondoo. Anamsubiri mlangoni, analala miguuni pake akisahihisha hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa. Isipokuwa jambo moja lililomuuma mwalimu kuliko hata tukio la binti: wiki mbili kabla, alipoinama kuchukua kiatu kilichokuwa karibu na mbwa, Bosko alimngurumia. "Mimi ninayemlisha!" aliniambia, na sauti ikamkatika.

Siku ya kumi na moja, mbwa akiwa mzima, nilifika jioni nikamwomba kijana acheze naye kama anavyocheza siku zote. Asione haya, sitamhukumu, nitatazama tu. Tulimfunga Bosko kwa kamba ndefu kwenye mparachichi, mimi nikakaa barazani na simu yangu kuhesabu.

Kijana alivua helmeti, akaenda nyuma ya tangi la maji, akarudi na ndala. Ndala ya bluu, moja tu, mkanda umekatika upande mmoja, kisigino kimetafunwa hadi kikawa kama ukingo wa chapati. Bosko alipoiona alianza kutetemeka kabla hajaguswa. Akainama: miguu ya mbele chini hadi viwiko, makalio juu, mkia unazunguka. Huo mwinamo ni lugha. Mtafiti wa Marekani Marc Bekoff aliyewachunguza mbwa na jamaa zao wa porini aliandika mwaka 1995 kwamba mwinamo hujitokeza hasa kabla au baada ya kitendo kinachoweza kueleweka vibaya, kama kung'ata huku wakitikisa kichwa. Ni kama mtu anavyosema "natania" kabla ya neno zito au mara tu baada yake.

Katika dakika ya kwanza Bosko aliinama mara tatu. Kijana akawa anampiga vikofi vidogo puani, kushoto, kulia, kushoto, huku ndala ikipanda juu, ikishuka, ikipotelea mgongoni. "Shika! Shika we! Umeshindwa!" Dakika ya pili aliinama mara moja. Baada ya hapo, sikuona tena. Mdomo uliokuwa wazi, ulimi nje, ukafunga. Macho yakaacha kumtazama kijana usoni, yakaganda kwenye ndala na mkono ulioishika. Mkia ukaacha kuzunguka, ukasimama wima ukitikisika kwa ncha tu. Ukiwa mbali ungesema bado wanacheza. Kijana alikuwa anacheka.

Kisha jino likagusa kidole. "Ah!" Kijana akatikisa mkono, ndala ikadondoka, Bosko akainyakua na kuondoka nayo hadi kamba ilipoishia. Kijana akamfuata, akambana, akamchapa makofi mawili matakoni, akampasua taya na kuitoa ndala. Mbwa alinguruma chinichini, masikio yamelala. Mchezo ukaanza upya.

Kwa dakika kumi ndala ilimfikia mbwa mara nne. Mara moja aliivuta mwenyewe kwa nguvu. Mara tatu ilidondoka kwa sababu meno yaligusa ngozi.

"Mdogo wangu, umeona anavyoipata?"

"Ananipora, dokta. Ana nguvu huyu."

"Anakuporaje?"

Akafungua kinywa kujibu, kisha akatazama kiganja chake. Kilikuwa na makovu madogo madogo, mengine ya zamani kabisa, ya tangu meno ya utoto. Alikaa kimya kwa muda.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Bosko hakubadilika. Kwa miezi mingi alikuwa anafundishwa kwa bidii kila jioni kwamba kitu kinachopepea mbele yako kina kufuli, na ufunguo wake ni ngozi ya mtu. Gusa ngozi, kitu kinadondoka. Kijana aliamini makofi yanamfunza adabu, lakini makofi yalikuja wakati malipo yameshapokelewa. Jioni ile binti alipokuja na khanga inayopepea, akaivuta kama kijana avutavyo, akapiga kelele kama kijana apigavyo, mbwa alifanya hatua inayofuata ya mchezo anaoujua. Na ilifanya kazi, khanga ilidondoka.

Mngurumo kwa mwalimu ni somo la pili, na familia ilikosea kuliweka kapu moja na la kwanza. Jioni zote hizo mchezo uliisha kwa kubanwa, kuchapwa na kupasuliwa taya. Mbwa akajifunza kwamba ukiwa na kitu mdomoni na mtu anakujia, kuna maumivu yanakuja. Mwalimu alipoinamia kiatu, Bosko hakumwona mwalimu anayemlisha, aliona mkono unaokuja kwenye kitu. Kuuma khanga kulitokana na msisimko. Kunguruma kulitokana na hofu. Tiba zake hazifanani.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mzizi uko kwenye kile kiroba cha Kibosho. Watafiti wa Marekani Scott na Fuller, walipotoa matokeo ya miaka yao ya kulea na kupima watoto wa mbwa mwaka 1965, walionyesha kuwa kati ya wiki ya tatu na ya 12 ndipo mtoto wa mbwa anapojifunza kuishi na wenzake na watu. Akiwa na ndugu zake anang'ata, mwenzake analia na kuondoka, mchezo unakufa. Akirudi anang'ata kwa upole zaidi. Hakuna mwanadamu anayefundisha somo hilo vizuri kama mtoto mwingine wa mbwa. Bosko aliondolewa wiki ya tano, somo ndiyo kwanza linaanza, akapewa vidole vya kijana mahali pa masikio ya ndugu zake. Vidole havikuondoka. Vilirudi na kicheko. Meno 28 ya utoto yanachoma kama sindano lakini taya ni dogo, kila mtu huona raha. Kufikia mwezi wa saba hivi meno yamekuwa 42, ya utu uzima. Mchezo ulibaki uleule, mdomo ndio uliobadilika.

Sasa nikiri kosa langu. Zamani ningemwambia kijana: acha kabisa kuvutana na mbwa, ukimwachia ashinde atajiona yeye ndiye mkuu wa boma. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo. Mwaka 2002 watafiti Nicola Rooney na John Bradshaw wa Southampton, Uingereza, walichukua mbwa 14 aina ya Golden Retriever, wakavutana nao kamba, safari nyingine mbwa akiachiwa ashinde, nyingine akishindwa. Hawakuona mbwa aliyepanda kichwa kwa kushinda. Kilichoonekana ni kwamba baada ya mchezo mbwa waliwasikiliza watu zaidi. Ni kweli Golden Retriever wa Uingereza si kienyeji wa Rau aliyelala nje na mvua, na mbwa 14 si wengi. Lakini wazo kwamba kuvutana kwenyewe ni sumu lilinitoka.

Kinacholeta tofauti ni mtu anafanya nini ndani ya mchezo. Huko Hangaria, watafiti Horváth, Dóka na Miklósi walipima mwaka 2008 homoni ya msongo, kotisoli, kwenye mate ya mbwa wa polisi na mbwa wa walinzi wa mpaka kabla na baada ya kucheza na waongozaji wao. Mbwa wa polisi, ambao waongozaji wao walitumia mchezo kuamrisha na kukemea, kotisoli ilipanda. Wa mpakani, waliochezewa kwa upole na kupapaswa, ilishuka. Kwa macho ya mpita njia, wote walikuwa wanacheza. Na kuhusu makofi, utafiti wa kliniki moja ya Pennsylvania, Marekani, uliotolewa mwaka 2009, uliwauliza wenye mbwa waliojaribu njia za nguvu. Kumpiga au kumpiga teke kulijibiwa kwa ukali na mbwa 43 kati ya 100. Kumpokonya kitu mdomoni kwa nguvu, 39.

Mwalimu aliposikia hayo alitaka mchezo upigwe marufuku. Nilimwomba asifanye hivyo. Siku zile kumi za mnyororo Bosko alikuwa amechimba shimo la kuficha debe na kubweka hadi sauti ikakauka. Mbwa wa umri ule ana nguvu za kumwaga, ukiziba mlango mmoja zitatokea kwenye kuku. Kijana naye nilihitaji kumshika, kwa sababu nilimwona anaanza kujilaumu, na mtu anayejilaumu huacha kila kitu. Nikamwuliza kama anapita Usa River akipeleka abiria Arusha. Anapita. Nikamwambia huko shirika la uhifadhi wa wanyamapori, African Wildlife Foundation, wamekuwa wakifundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, na mbwa wa kazi ile hulipwa kwa mchezo, mpira au kitu cha kuvutana, wala si nyama. Ile tamaa ya Bosko kwa ndala ni mali. Ilikosa kanuni tu. Alinyanyua kichwa.

Kanuni tulizoweka zilikuwa chache. Ndala ilistaafishwa, tukasuka kamba ya katani yenye urefu wa mkono mzima wa mtu, fundo kila ncha, ili meno na vidole viwe mbali. Mchezo hauanzi mpaka Bosko akae. Jino likigusa ngozi au nguo, hakuna "ah", hakuna kofi: kijana anakuwa mgomba. Anasimama, mikono kifuani, macho pembeni, kamba imelegea na haina raha. Anahesabu hadi 20, kisha wanaanza tena. Kuachia kamba kunanunuliwa: "achia", dagaa mmoja puani, mbwa akifungua mdomo anapata dagaa, na kamba anarudishiwa palepale. Hapo kwenye kurudishiwa kijana alibisha sana. Lakini mbwa aliyezoea kwamba mkono unaokuja huchukua bila kurudisha hawezi kuuamini kwa njia nyingine. Mwisho neno moja, "basi", na mchezo unafungwa mbwa akiwa bado ana hamu, dakika tano tu. Mwalimu alipewa zoezi lake: akipita karibu na Bosko mwenye kitu mdomoni, anadondosha kipande cha ugali wenye mchuzi wa dagaa na kwenda zake, haombi chochote.

Wiki ya pili alinipigia kijana, ameghadhabika. Mbwa amekuwa mbaya zaidi, amemchana suruali. Nilikuwa nimemwonya, lakini onyo halizuii maumivu. Ufunguo uliokuwa ukifungua kila siku ukigoma, mtu yeyote atauzungusha kwa nguvu zaidi kabla ya kuutupa. Kama angelegea siku hiyo, angemfundisha mbwa kwamba inabidi kuuma zaidi ndipo ifunguke. Hakulegea. Aliniambia alisimama kama mgomba huku machozi yanamtoka.

Waliotusumbua kuliko mbwa ni wenzake wa kijiweni. Wanakuja kuegesha pikipiki, wanapiga kofi pajani, "Bosko, shika!", wakionyesha mpita njia. Miezi yote ile huo ulikuwa nusu ya mchezo na hakuna aliyeniambia. Kijana alijaribu kuwaeleza, wakamcheka kwamba ameajiriwa na mbwa. Mwishowe mwalimu mwenyewe alitoka na khanga yake ya kiunoni, akawasimamia kama darasa la tano. Wawili kati yao alikuwa amewafundisha kweli. Hawakurudia.

Wiki ya sita nilihesabu tena. Dakika tano, hakuna jino lililogusa ngozi, na mwinamo ulikuwepo mwanzo hadi mwisho. Akisikia "achia" anaachia kabla dagaa hajatokea. Kwa mwalimu mngurumo umekwisha; sasa akiwa na mfupa humfuata nao jikoni, hali iliyoleta malalamiko mapya. Chanjo amepata, na tarehe ya mwakani imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo.

Lakini watoto wanaokimbia bado wanamtoa akilini. Tulitundika khanga kuukuu kwenye kamba ya kuanikia, tukawa tunamlipa kila akiitazama inapepea na kugeuka. Khanga ya kamba ameizoea. Khanga yenye mtoto ndani yake, anayekimbia, hapana, na sidhani kama kuna mwezi ambao nitamwambia mwalimu amwache peke yake na watoto. Geti limeongezwa waya chini, na saa za maziwa Bosko anakuwa ndani ya banda.

Binti alimaliza sindano zake zote, gharama alilipa mwalimu. Kovu limebaki, dogo. Nilipopita mara ya mwisho ilikuwa jioni, saa ya maziwa. Alikuja na kidumu, hakupitia getini. Alizunguka kwa nyuma, kwenye migomba, akasimama kwenye uzio akaita, "Mwalimu, shikamoo, amefungwa?" Mwalimu akaitikia marahaba, amefungwa, njoo. Alisubiri mpaka kijana alipogonga banda na mbwa akabweka kutoka ndani, ndipo akaingia.